Chumba cha Baridi, Kaloleni

Watu wa Mombasa hawajui tofauti kati ya Voi na Wundanyi. Kwao yote ni "huko juu, Taita". Ndiyo maana kampuni ilipotafuta mtu wa kwenda Voi kutunza tepu za zamani, mkuu wetu wa kitengo cha kompyuta alinitazama mimi, akatabasamu kama mtu anayetoa zawadi.

"Wewe si unarudi tu nyumbani?" aliniambia.

Nyumbani kwetu ni Wundanyi, kwenye ukungu na migomba, mahali ambapo asubuhi unavaa koti na maji ya kunawa yanakuuma vidole. Voi ni tambarare, vumbi jekundu na jua la kupasua kichwa, na sikuwa na ndugu hata mmoja pale. Lakini sikubisha. Nilikuwa msichana wa kutoboa kadi za kuingizia kompyuta hesabu, mshahara wangu ulikuwa unasomesha wadogo zangu, na hasira zangu siku zile zilikuwa za kununa. Nilinuna ofisini, nikanuna kwenye treni, nikafika Voi bado nimenuna, na hakukuwa na mtu stesheni wa kuniona.

Kampuni yetu iliuza mabati, saruji na misumari, na ilikuwa na matawi kando ya reli. Miaka ya sabini ilinunua kompyuta, dude lililojaza chumba kizima, na hesabu zote zikaanza kuingia kwenye tepu za sumaku, kila moja imezungushwa kwenye gurudumu la ukubwa wa sinia dogo. Sheria ilitaka hesabu hizo zihifadhiwe kwa miaka mingi. Walizihifadhi Mombasa, kwenye stoo iliyotazamana na bahari, na bahari ikafanya kazi yake. Siku moja walitaka kusoma hesabu za mwaka uliopita wakakuta tepu imeota ukungu na kushikana. Walipoilazimisha, utandu wake wa kahawia ulibanduka ukabaki mashineni, na hesabu zote zikabaki humo pamoja nao. Ndipo mtu mmoja mkutanoni akakumbuka kwamba kampuni ina godauni Voi, mtaa wa Kaloleni, na kwamba hewa ya Voi ni kavu.

Ndani ya godauni hilo walijenga chumba kisicho na dirisha, chenye milango miwili inayofuatana ili vumbi lisiingie. Ukutani waliweka mashine ya baridi iliyokuwa ikinguruma mchana na usiku. Mimi nilipewa chumba cha kulala upande wa nyuma.

Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi. Tepu zilisimama wima kwenye rafu, kila moja na kasha lake la plastiki na lebo yake: tawi gani, mwezi gani, hesabu za nini. Asubuhi na jioni nilisoma kipimajoto na kipimo cha unyevu. Kila siku nilifuta vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo tu. Kisha nilizishika tepu zamu kwa zamu, nikazifunga kwenye mashine ndogo ya kuzungushia, nikaipeleka kila moja polepole mpaka mwisho wake na kuirudisha mwanzo. Tepu ikikaa miaka bila kuguswa hulegea mahali na kukaza mahali, mwisho hujishika yenyewe. Inataka kuamshwa. Nilizungusha rafu ya kwanza mpaka ya mwisho, halafu nikaanza tena rafu ya kwanza.

Kitu ambacho sikuambiwa ni kwamba hakuna mtu ambaye angezitaka. Mwanzoni nilikaa karibu na simu. Niliwaza watanipigia: tuletee mauzo ya tawi fulani, haraka, na mimi nitaifunga tepu kwenye sanduku lake la mbao na kukimbilia treni ya jioni. Simu ililia mara chache, na kila mara ilikuwa mkuu anauliza kama mashine ya baridi inafanya kazi. Hakuuliza kama mimi ninafanya kazi. Nilimjibu, "Inafanya," akasema, "Vizuri," akakata.

Nilikuwa mpweke, na sitaki kulizungukazunguka neno hilo. Zilipita siku sikutoa sauti isipokuwa kuomba mkate dukani. Jumapili nilikwenda kanisani, nikakaa nyuma, nikatoka kabla ya matangazo ili nisisalimiwe. Jioni nilisimama nje ya godauni nikaangalia milima kule mbali ikigeuka bluu, nikajua kwamba mama yangu wakati huo anawasha moto, nami ninatazama tu. Nilikuwa nakwenda nyumbani mwisho wa mwezi, na kila niliporudi Voi niliiona mbaya zaidi.

Kitu kingine kilichonitenga na watu kilikuwa sweta. Chumba kilikuwa baridi kweli, na mimi nilivaa sweta nzito ya kijivu. Nilipotoka nje mchana nilisahau kuivua, nikapita barabarani na sweta katika jua ambalo hata mbuzi walikuwa wamelikimbia. Watu walicheka. Halafu walianza kujiuliza kuna nini ndani ya lile godauni linalonguruma usiku kucha. Wengine walisema ni mochari ya siri. Mwenye bucha, ambaye alikuwa mtu wa akili zaidi, alisema ni stoo ya nyama, na siku moja akaja na nusu ya mbuzi begani kuniomba nimlazie mpaka kesho yake. Nilipomwambia kwamba ndani kuna hesabu tu, alinitazama kwa masikitiko makubwa.

"Hesabu nazo zinaoza, dada?" aliniuliza.

"Zinaoza," nikamwambia, nikafunga mlango.

Kwa hiyo yule mama alipobisha hodi nilikuwa nimeshajiandaa kukataa. Nilimjua kwa sura. Nyumba yake ilitazamana na godauni letu, uwanja mdogo tu kati yetu. Alikuwa Mwislamu wa pwani, mjane wa mfanyakazi wa reli aliyeachwa Voi na marehemu mumewe kama alivyopenda kusema mwenyewe, na kila alfajiri alipika mahamri na mbaazi za kuuza.

"Shikamoo, mama," nilisema, mkono bado kwenye kitasa.

"Marahaba, mwanangu. Siingii, usiogope. Nataka uniwekee kitu."

"Nyama hatuweki."

"Nani kakwambia nyama?" Alifungua ncha ya leso yake akatoa kichupa kidogo, kirefu kama kidole gumba. "Hii ndiyo roho yangu. Mimi nina sukari. Nikikosa sindano hii siku mbili tatu mwanizika. Na hospitali wamenambia ikipata joto yafa, hata kama kwa macho waiona nzima. Nyumba yangu ni ya mabati, mwanangu. Saa sita yachemka."

Mlangoni palikuwa na karatasi ya masharti: hakuna chakula, hakuna kinywaji, hakuna sigara, hakuna sumaku, hakuna mgeni. Dawa haikutajwa. Nilikichukua kichupa nikakiweka rafu ya chini kabisa, nyuma ya tepu za matawi yaliyokwisha kufungwa, ambazo hata mkuu mwenyewe alikuwa amezisahau.

Tangu siku ile alikuja kila asubuhi, isipokuwa juma moja alipokwenda msibani Mombasa. Alikaa kwenye kizingiti, mimi nikaleta kichupa, naye akavuta dawa kwenye bomba la sindano, akainua leso kidogo na kujidunga paja bila kukatiza mazungumzo. Mara nyingi alikuwa na mahamri kwenye sahani iliyofunikwa. Yeye mwenyewe alikatazwa kuyala.

"Nawauzia watu kifo changu," alisema, akacheka.

Alitaka kujua yote. Hakuniuliza kwa adabu, aliniuliza kama mtu anayekagua.

"Na huko ndani wachunga nini hasa?"

"Hesabu za zamani za kampuni."

"Nani aja kuzitazama?"

"Hakuna."

"Basi wazichungia nini?"

"Siku moja wanaweza kuzitaka."

"Na wasipozitaka?"

"Basi nitakuwa nimezichunga bure."

"Mshahara si wakupa?"

"Wananipa."

"Basi si bure," alisema, akaniambia nile hamri likiwa moto.

Alinikaribisha kwake mara nyingi. Njoo unywe chai, njoo leo kuna wali, njoo Idi. Kila mara nilikuwa na kazi. Sikuwa na kazi. Niliogopa kuonewa huruma, na mimi nikihisi mtu ananionea huruma nakuwa mkali, jambo ambalo mama yangu alinisema kwalo tangu utotoni. Kizingiti kilinifaa. Pale yeye ndiye aliyekuwa na shida na mimi ndiye niliyemsaidia, na hiyo ilikuwa njia pekee ya kukaa na mtu ambayo niliiweza. Nilianza kuamka mapema. Nilifagia mlangoni kabla hajafika. Tarehe za dawa yake nilizijua kuliko za tepu, na kila mwezi alipoleta kichupa kipya kutoka hospitali nilikipokea kwa mikono miwili.

Mwaka mmoja, wakati wa joto kabla ya masika, mashine ya baridi ilikoroma ikanyamaza. Fundi alikuwa Mombasa, angekuja na treni. Masharti yalikuwa wazi: ikizimika, ondoka ndani, funga milango yote miwili, usifungue tena, baridi iliyomo itazilinda tepu kwa saa kadhaa. Nilifanya hivyo, lakini nilitoka na kichupa mkononi. Sikuwa na uhakika na baridi ya saa kadhaa. Tepu zingeharibika, angefukuzwa mtu. Kichupa kingeharibika, angekufa mtu.

Friji niliyoijua Kaloleni ilikuwa ya baa iliyo karibu na stesheni. Nilimwomba mwenye baa anipe nafasi kati ya bia. Alikubali, ila alisema hawezi kukilinda kichupa dhidi ya wateja. Basi nikakaa hapo. Nikaagiza Fanta, nikaegemea ile friji, mimi mtoto wa kanisa wa Wundanyi na sweta yangu, na kila mlevi aliyefungua mlango wa friji nilimwambia asiguse kile cha pembeni. Mmoja aliniomba ndoa. Mama mmoja wa kanisani kwetu alipita nje, akaniona, akarudi nyuma ahakikishe. Nilimpungia mkono. Fundi alipomaliza, jua lilikuwa limeshaanguka na nilikuwa nimekunywa Fanta mpaka tumbo linaniuma. Asubuhi nilimsimulia yule mama mkasa wote, na mlevi wangu, na mama wa kanisa. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa leso. Sikumbuki siku nyingine Voi niliyoongea kwa muda mrefu hivyo.

Halafu simu ililia, na safari hii mkuu hakuuliza kuhusu baridi.

"Tumeleta mashine mpya," alisema. "Ndogo, kali sana. Lakini hizo tepu zako haizisomi."

"Haizisomi vipi?"

"Ni za aina nyingine. Hiyo ya zamani tutaiuza chuma chakavu. Kwa hiyo hicho chumba tukizime, bili yake ya stima inatumaliza. Wewe utarudi huku."

Nilikuwa nimeisubiri simu ile tangu siku niliyoshuka kwenye treni. Sasa nilisikia moyo umenishuka, na haukushuka kwa ajili ya tepu. Niliona kichupa kwenye rafu ya chini. Niliona mabati yanayochemka saa sita.

"Mkiuza hiyo ya zamani leo," nilimwambia, "hizi hazitasomwa tena na mtu yeyote. Zitakuwa nzima, safi, na hakuna mashine ya kuzifungua. Siku serikali ikiwauliza, mtaonyesha nini? Magurudumu?"

Sikuwa nimewahi kumsemesha hivyo.

"Sasa unataka nini?"

"Mnakili zote kwanza. Moja moja, kutoka ya zamani kwenda mpya. Mkimaliza ndipo mzime."

Akakubali. Baadaye walinisifu kwa maono. Wakati wenzetu wa kampuni nyingine walipokuwa wamebaki na stoo zilizojaa tepu bubu, hesabu zetu zote zilihamia mashine mpya salama, na mkuu akasema kwenye mkutano kwamba mimi ndiye niliyefikiria mbali. Mimi nilikuwa nimefikiria ng'ambo ya uwanja tu.

Kazi ilichukua miezi mingi, na sikuiharakisha. Kila tepu niliifuta, nikaizungusha mwanzo mpaka mwisho, nikakagua kingo zake, ndipo nikaiweka sandukuni kwenda stesheni. Hayo yote yalitakiwa kweli, hakuna atakayesema nilichelewesha. Rafu zikaanza kuachia nafasi. Nilikihamisha kichupa kutoka rafu hadi rafu, kikijificha nyuma ya zile zilizobaki.

Mwisho nikalazimika kumwambia.

"Chumba kitafungwa, mama."

"Mungu yupo," alisema, akavuta dawa kwenye bomba.

"Najua yupo. Lakini dawa itakaa wapi?"

"Itapata pa kukaa."

Alinichukiza. Mimi silali, nafikiria roho yake, naye anaongea kama anayeambiwa kwamba duka limebadilisha saa za kufunga. Nilikwenda mwenyewe hospitali kuomba wamwekee dawa kwenye friji yao. Nesi alinitazama kama hanielewi.

"Wagonjwa wetu wa sukari wanajua cha kufanya," alisema.

"Huyu nyumba yake ni ya mabati!" nikamwambia, na kabla hajanijibu nilikuwa nimeshageuka. Hasira zangu ndizo hizo.

Sanduku la mwisho liliondoka. Fundi alikuja akazima mashine ya baridi, akafungua nati zake, akaibeba. Sikuwa nimewahi kusikia chumba kile kikiwa kimya. Rafu zilikuwa tupu, milango yote miwili ilikuwa wazi, na joto la Voi liliingia bila hodi mpaka ukuta wa nyuma. Nilivua sweta. Nikachukua kichupa, nikakifunga kwa kitambaa kilicholowa maji, nikavuka uwanja karibu nikikimbia.

Alikuwa kwenye mkeka, anachagua mbaazi. Nilisimama mlangoni na kitambaa kinadondosha maji sakafuni kwake.

"Wamezima," nilisema. "Sasa hivi. Tufanye nini?"

"Ingia kwanza."

"Mama, inapata joto!"

Alinyanyuka taratibu, akaenda pembeni ya chumba. Palikuwa na mtungi mpana wa udongo uliofunikwa gunia bichi. Aliondoa gunia. Ndani mlikuwa na mchanga uliolowa, na katikati ya mchanga kuna gilasi yenye kifuniko, na ndani ya gilasi mlikuwa na vichupa viwili, virefu kama kidole gumba. Nilitia mkono. Mlikuwa na baridi.

"Wale wa hospitali walinifunza," alisema. "Wagonjwa wote wa Voi wafanya hivi. Wamwagia maji asubuhi na jioni, basi. Dawa yakaa."

"Walikufundisha lini?"

Alikung'uta mchanga vidoleni.

"Mwaka ule wa kwanza," alisema.

Nilimtazama. Nilihesabu kichwani asubuhi zote za kizingiti, nikashindwa. Nikakumbuka baa.

"Na siku ile nilipokaa na walevi? Kutwa nzima, nimekumbatia friji?"

"Siku ile nilijidunga ya mtungini."

"Ukanicheka!"

"Nilicheka. Kisha ulipoingia ndani nililia. Lakini ulikuwa umechangamka, mwanangu. Ulikuwa waongea. Ningekwambiaje?"

Nilimwambia kwamba alinidanganya. Nilimwambia kwamba nimebishana na wakubwa kwa ajili yake, nimehangaika, sikulala. Nilisema nilidhani ananihitaji. Sauti yangu ilipanda, na watu wawili waliokuwa wakipita nje walichungulia. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Mara ya kwanza nilikuja kwa dawa," alisema. "Wallahi, nilikuja kwa dawa tu. Halafu nikafiwa Mombasa, nikakaa huko juma zima. Niliporudi wakanambia yule msichana wa sweta haonekani, mlango haufunguki. Nilikuja kubisha. Ulipofungua macho yako yalikuwa yamevimba, ukanambia umejaa kazi. Kazi gani ile? Nikasema huyu simwachi. Wakati huo mtungi nilikuwa nao."

"Ungeniambia tu," nilisema. "Ungeniambia unakuja kuniona."

"Ningekuja mlangoni kwako na mikono mitupu, nikasema nimekuja kukutazama kwa kuwa huna mtu." Alinitazama usoni, bila ukali wowote. "Ungenifungulia?"

Nisingemfungulia. Yeye alijua jibu kabla yangu, miaka yote ile alikuwa akilijua, na kila asubuhi alikuja kwa kisingizio cha kichupa ili asinilazimishe kulitoa.

Nilikiondoa kitambaa, nikakiweka kichupa changu pamoja na vile viwili, nikafunika mchanga. Nilikaa kwenye mkeka wake, nikalia mbele ya mtu kwa mara ya kwanza tangu nishuke Voi. Aliniachia nilie. Kisha akanisogezea ungo wa mbaazi tuchague pamoja.

Kati ya mlango wangu na wake palikuwa na hatua chache tu za mchanga mwekundu, na hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kwanza kuzivuka. Tiketi yangu ya treni ya Mombasa ilikuwa ya kesho yake.